Ushongo kwa Usalama: Mwongozo kwa Wanaoshuka Baharini Kutoka Arusha

Maji ya Mlima Meru huingia Mto Kikuletwa, hupita Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kusini mwa mlango wa mto huo ndiko uliko ufukwe wa Ushongo: mchanga, minazi, kijiji cha wavuvi na watu wachache. Kwa familia ya Arusha iliyochoka na makelele ya mjini, ni mahali pazuri sana pa kupumzika.

Lakini penye watu wachache, msaada nao huwa mbali. Usitarajie kukuta mwokoaji wa zamu, na hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya mto. Basi ulizia mapema kivuko kinafunga saa ngapi, na mwenyeji wako ana usafiri gani mtu akiumia usiku.

Ijue saa ya maji

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takribani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hupwa mno mnamo saa nne asubuhi, yakajaa sana mnamo saa kumi jioni. Aliyetembea mbali kwenye miamba asubuhi anaweza kuzungukwa na maji kabla hajatanabahi. Anza kurudi mara tu maji yanapogeuka.

Asubuhi, kabla watoto hawajavua viatu, mwendee mvuvi anayeshona nyavu. "Shikamoo mzee, leo maji yanajaa saa ngapi? Mkondo uko wapi?" Anayeishi na bahari hiyo kila siku atakuonyesha kwa kidole pa kuogelea na pa kuacha.

Ukiwa majini

- Aliyezoea bwawa la hoteli asijipime na bahari. Oga maji yasiyozidi kiuno, na usioge peke yako.
- Mtoto awe mahali unapoweza kumshika kwa mkono, si pa kumwita tu.
- Usioge karibu na mlango wa Mto Pangani. Mkondo wake una nguvu, na mtoni kuna mamba.
- Mkondo ukikuvuta, usishindane nao. Elea, inua mkono kuomba msaada, kisha ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu.
- Ukienda kisiwa cha Maziwe, panda chombo chenye jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, na uvae lako. Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa, kwa hiyo saa ya kuondoka haina mjadala.

Ukiumia

Vaa viatu kwenye miamba. Ukichomwa na samaki aitwaye taa au samaki mwingine mwenye sumu, loweka jeraha katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa muda wa dakika 30 hadi 90, kisha nenda hospitali. Ukiguswa na konyeza, mnyama laini wa baharini anayewasha, suuza kwa maji ya bahari. Usisugue kwa mchanga.

Ustaarabu wa pwani

Vazi la kuogelea liishie ufukweni. Ukipita kijijini, jifunge kanga au vaa nguo ya heshima. Ukimkuta kasa anataga, kaa mbali na uzime tochi.

Malaria

Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, malaria si nyingi kama pwani, na mwili wa aliyekulia huko hauna kinga ya kuitegemea. Lala ndani ya chandarua chenye dawa na vaa mikono mirefu jioni. Homa ikikushika hata wiki kadhaa baada ya kurudi, usisingizie baridi ya Meru. Nenda ukapime siku hiyohiyo, na mwambie daktari kwamba ulikuwa Pangani.