Taa ya Samaki na LUKU ya Geto

Semesta iliyopita tulikaribia kugombana getoni kwa sababu ya samaki. Tunaishi wanne, LUKU moja, na mwenye akwariamu ni mimi: tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, alilonitengenezea fundi vioo mjini Dodoma. Uniti zikawa zinaisha haraka. Wenzangu wakasema, "Mwalimu, samaki wako wanatunyonya. Zima taa au changia mara mbili."

Kuwaacha sikutaka. Nimepanga kwenda nao nyumbani Haneti wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mimi nimekua nikimjua samaki kama dagaa wa gulioni. Nataka wanafunzi wangu wamwone anapumua, matamvua yakifunguka na kufunga.

Basi tukaiuliza mita. Yetu imeandikwa kwamba kitaa chake hupepesa mara 1,000 kwa uniti moja. Tukazima kila kitu, hata pampu ya hewa kwa dakika chache, tukawasha taa ya samaki peke yake: tyubu mbili za wati 18. Kitaa kikapepesa kila baada ya sekunde 100 hivi. Kisha tukawasha jiko la koili la wati 1,000. Jamani! Kila sekunde 3 au 4. Wote kimya.

Lakini kosa la jiko halikuisafisha taa yangu. Wati 36 kwa saa 10 ni uniti 0.36 kwa siku, uniti 10.8 kwa siku 30. Tukichukulia uniti moja ni shilingi 350, hiyo ni shilingi 3,780. Nikaamua kuhamia LED. Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Anza na mwanga, siyo wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Wafugaji hukadiria lumeni 10 hadi 20 kwa lita kwa mimea isiyohitaji mwanga mkali, mfano anubiasi. Tangi langu lina maji kama lita 60. Lita 60 mara lumeni 15 ni lumeni 900. LED ya kawaida hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa wati, hivyo wati 10 zinatosha. Kama una samaki tu bila mimea, hata pungufu yake inafaa.

2. Angalia rangi. Tafuta iliyoandikwa kelvini 6,500 hivi, nyeupe ya mchana. Mimea inaipenda na samaki wanaonekana vizuri. Zile za buluu na zambarau mara nyingi huwekwa kwa kupendezesha macho.

3. Usicheze na maji na umeme. Chagua ya volti 12 yenye adapta, na taa yenyewe iwe na alama ya IP65 au zaidi. Adapta ikae mbali na tangi. Waya uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi. Faida nyingine: ya volti 12 unaweza kuiwasha kwa betri ya sola ya volti 12 umeme ukikatika.

4. Punguza saa. Saa 8 zinatosha. Ukizidisha unalisha mwani, na kioo kitakuwa kijani. Mimi nawasha saa 8 mchana, nazima saa 4 usiku.

Hesabu mpya: wati 10 kwa saa 8 ni uniti 0.08 kwa siku, uniti 2.4 kwa mwezi. Shilingi 840. Tulirudi kwenye mita, kitaa kikakaa karibu dakika 6 ndipo kikapepesa. Kumbe sasa pampu ya wati 5 ndiyo inayokula zaidi, uniti 3.6, kwa sababu inafanya kazi saa 24. Hiyo usiizime, samaki wanaitegemea kwa hewa.

Getoni tumeelewana: mimi nachangia kama wengine, na maharage tunayachemsha kwa mkaa. Nawe kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, zimeni vyote, washeni kimoja kimoja, mkae mbele ya mita na saa mkononi. Mita haina rafiki.