Kurusha Ndege ya Kivita Hewa Inapokuwa Nyembamba: Mwongozo kwa Wachezaji wa Simuleta

Wachezaji wengi wa simuleta za ndege za kivita hujifunza kupigana karibu na ardhi. Huko injini ina nguvu, ndege inakata kona vizuri, na kosa dogo linasameheka. Taabu huanza mchezaji anapopanda hadi mita 10,000 au 12,000 akiwa na mbinu zilezile. Anavuta usukani kumfuata adui, ndege inatetemeka, kasi inaisha, na kabla hajajua kimetokea nini amekwishapoteza mita 3,000 za mwinuko.

Mwongozo huu unatumia mfano wa ndege mbili: MiG-15bis ya Umoja wa Kisovyeti na F-86F Sabre ya Marekani. Ndege za aina hizi zilipambana katika Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, mara nyingi juu sana, karibu na Mto Yalu kwenye mpaka wa China. Zote mbili zinapatikana katika simuleta ya DCS World, na pia katika War Thunder. Zinafaa sana kujifunzia, kwa sababu hazina kompyuta ya kusahihisha makosa ya rubani. Ukikosea, utalipia papo hapo.

Hewa inavyobadilika

Katika mita 12,000, uzito wa hewa ni kama robo tu ya ule wa usawa wa bahari. Mabawa hubebwa na hewa, na injini ya jeti nayo hula hewa. Kwa hiyo ukipanda unapungukiwa mara mbili: mabawa yanabeba kwa shida zaidi, na injini inatoa sehemu ndogo tu ya nguvu iliyokuwa nayo chini.

Hapo ndipo kipimo cha kasi kinapowachanganya wengi. Kipimo hicho hakisomi mwendo wako halisi, kinasoma msukumo wa hewa inayoipiga ndege. Ukiwa mita 12,000 na ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa, kipimo kitaonyesha kidogo zaidi ya 400. Namba zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina kazi yake. Ile ya kwenye kipimo inakueleza mabawa yana uwezo kiasi gani wa kuibeba ndege. Mwendo halisi ndio unaoamua kona yako itakuwa pana kiasi gani.

Kona ni pana kuliko unavyodhani

Upana wa kona hukua kwa mraba wa mwendo. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa, ikilazwa nyuzi 60 bila kupoteza mwinuko, hukata kona yenye nusu kipenyo cha mita 700 na kitu. Mwendo ukiwa 800, kwa ulalo uleule, nusu kipenyo kinafika karibu mita 2,900. Ukiilaza nyuzi 30 tu, kinakaribia kilomita 9.

Mchezaji asiyejua hesabu hii huona ndege haigeuki, akaongeza kuvuta usukani. Ulalo wa nyuzi 60 tayari unayataka mabawa yabebe uzito wa ndege mara mbili. Chini, injini ingemudu hilo. Juu, ukizidisha kidogo tu, upinzani wa hewa unaishinda injini na kasi inaanza kushuka. Kasi ikishuka, mabawa yanaishiwa, na ndege inaweza kuanza kuzunguka kama pia.

Mipaka miwili inayokaribiana

Kasi ya chini kabisa inayoweza kukubeba, ukiipima kwa mwendo halisi, huongezeka kila unapopanda. Wakati huohuo kasi ya sauti hupungua kwa sababu ya baridi: ni kama mita 340 kwa sekunde katika usawa wa bahari, na mita 295 hivi katika mita 11,000. Ndege hizi hupata shida zinapoikaribia kasi hiyo. Kwa hiyo mpaka wa chini unapanda, mpaka wa juu unashuka, na nafasi iliyobaki katikati inazidi kuwa nyembamba.

MiG-15bis ikifika karibu asilimia 92 ya kasi ya sauti, breki zake za hewa hufunguka zenyewe ili isiendelee kuongeza kasi. Sabre inastahimili zaidi: ikipiga mbizi inaweza hata kuivuka kasi ya sauti, na sehemu ya mlalo ya mkia wake hugeuka nzima, hivyo rubani anaendelea kuidhibiti pale ambapo usukani wa MiG umekuwa mzito.

Kwa upande mwingine, MiG ni nyepesi kwa karibu tani mbili, huku nguvu za injini zao zikikaribiana. Ndiyo maana inapanda haraka na inajisikia nyumbani katika mwinuko mkubwa. Ukiwa na MiG, baki juu: shuka, piga, panda tena. Ukiwa na Sabre, usishindane na rubani wa MiG kupanda. Mvute ashuke, kisha tumia mbizi na uthabiti wa ndege yako.

Mikono inavyotakiwa kufanya kazi

Kwanza, sogeza mkono wa mafuta polepole. Injini za zama hizo hazipendi kushtuliwa kwenye hewa nyembamba, na zinaweza kuzimika. Ikizimika, shusha pua, linda kasi, na teremka kwenye hewa nzito zaidi kabla ya kujaribu kuiwasha.

Pili, rekebisha trimu mpaka ndege iende sawa bila kushikiliwa. Anayepambana na usukani muda wote huvuta kupita kiasi bila kujua.

Tatu, sikiliza mtetemo. Ndege ikianza kutetemeka, mabawa yanakwambia yamefika mwisho. Legeza usukani mara moja, punguza ulalo, acha pua ishuke kidogo, na subiri kasi irudi. Ikianza kuzunguka, punguza mafuta, rudisha usukani katikati, na kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko.

Nne, angalia mkia wako wa moshi. Juu sana ndege huacha mstari mweupe unaoonekana kutoka mbali. Ukiuona nyuma yako, badilisha mwinuko mpaka ukatike.

Zoezi la kuanzia

Fungua anga tupu, hali ya hewa safi, bila adui. Jiweke mita 12,000. Tuliza ndege, soma kipimo cha kasi, kisha ilaze nyuzi 30 na uzunguke duara zima bila kupoteza mwinuko. Rudia kwa nyuzi 45, halafu 60, ukiangalia ni wapi kasi inaanza kushuka. Baada ya hapo punguza kasi taratibu mpaka ndege itetemeke, uandike namba. Halafu shusha pua kidogo uongeze kasi mpaka usukani uanze kuwa mzito, uandike na hiyo. Fanya yote hayo tena katika mita 3,000 ulinganishe.

Namba hizo ni mali yako kuliko mbinu yoyote utakayoiona kwenye video, kwa sababu ni za ndege yako na mikono yako. Zijue kwa kichwa kabla hujamtafuta adui. Katika mwinuko huo, anayetunza kasi ndiye anayechagua lini apigane na lini aondoke. Anayeimaliza kwenye kona moja amemwachia mwenzake uamuzi.