Mpangaji Wangu Halipi Kodi, Nami Naona Haya Kumdai

*Mimi ni mjane, naishi Mbagala. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya vyumba sita. Viwili nakaa mimi na wajukuu, vinne nimepangisha, na kodi hiyo ndiyo inayotulisha. Mwaka jana dalali aliniletea kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Alilipa miezi sita kwa mkupuo, shilingi 60,000 kwa mwezi, nikasema huyu ni mtu wa maana. Miezi sita ilipokwisha hakulipa tena, na sasa ni mwezi wa nne. Nikikutana naye uani ananiambia, "Mama, nivumilie, wiki ijayo mambo yatakaa sawa." Mkewe ananiamkia vizuri, hata maji ananichotea, nashindwa kusema. Hatuna mkataba. Umeme nao ni ugomvi, kwa kuwa mita ya LUKU ni moja na wenzake wamechoka kumlipia. Kaka zangu wanataka kuja kung'oa mlango. Nifanye nini?*
*Bibi wa wajukuu, Mbagala*

Mama, pole sana. Nianze na mlango, maana ndilo jambo la haraka. Wazuie kaka zako. Najua mjini watu wamezoea: mlango unang'olewa, bati linaezuliwa, godoro linatupwa nje. Leo kijana huyo anadaiwa na wewe shilingi 240,000. Mlango ukishang'olewa, jioni akasema televisheni imeibwa na fedha zake hazionekani, wewe ndiye utakayeitwa kituoni kujieleza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani hadi upangaji usitishwe kwa utaratibu. Kutolipa kwake hakukupi ruhusa ya kumtoa kwa nguvu. Tena ndani ya chumba hicho yumo mtoto mchanga asiyedaiwa na mtu.

Sasa tuje kwako. Kwa barua yako, unaona umeponzwa na huruma. Mimi naona umeponzwa na ukimya. Mwenye huruma husema: "Mwezi huu nimekuachia, tarehe tano ya mwezi ujao uniletee." Mpangaji akajua amepewa nini na mwisho wake ni lini. Wewe hukumwambia lolote, na deni likakua. Anayedaiwa mwezi mmoja anaweza kukopa kwa ndugu au kuuza redio, akalipa, maisha yakaendelea. Anayedaiwa miezi minne huanza kukukwepa. Ikifika saba, huhama usiku. Kila mwezi uliopita bila neno umemfanya ashindwe zaidi kulipa, hata kama hukukusudia.

Hizo fedha za miezi sita nazo zisikudanganye. Zilikuonyesha kwamba siku ile alikuwa nazo, basi. Pengine alicheza upatu, pengine alikopa. Mtu wa bodaboda, wa genge au wa kibarua hupata chake kwa siku. Mwezi wa saba ulipofika alitakiwa awe na 360,000 kwa mkupuo, wakati hakuna aliyemdai hata senti tangu aingie. Wengi hukwama hapohapo. Kwa wapangaji wa kipato cha namna hii, kupokea kila mwezi, au miezi mitatu mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja mwanzoni, kuna usalama zaidi. Akiyumba, utajua mapema, si baada ya nusu mwaka.

Sasa fanya hivi. Waite yeye na mkewe jioni, mkae sebuleni kwako. Usimdai uani mbele ya wapangaji wengine, maana mtu akiaibishwa hujitetea badala ya kusikiliza. Awepo shahidi mmoja anayeheshimiwa na pande zote, kwa mfano mjumbe wa shina. Muulize kwanza imekuwaje: kazi imekwisha, kuna mgonjwa, au fedha zinakwenda kwingine? Kisha mhesabu deni pamoja, mliandike, kila mmoja atie sahihi. Hati hiyo, hata ikiwa kwenye karatasi ya daftari, itakusaidia popote mtakapofika, kwa kuwa leo huna maandishi yoyote.

Baada ya hapo mwekee njia mbili, achague. Ya kwanza, alipe kodi ya mwezi unaokuja kwa ukamilifu na kila mwezi aongeze 40,000 za deni. Katika miezi sita atakuwa amemaliza. Ya pili, ahame kwa hiari ndani ya mwezi mmoja, nawe umsamehe sehemu ya deni. Najua hiyo ya pili inauma. Lakini chumba kikikaa na mtu asiyelipa miezi mingine mitano, utapoteza 300,000 juu ya zile za mwanzo. Nusu shari kuliko shari kamili.

Akikubali kisha akavunja ahadi, mpe notisi ya maandishi, nakala uipeleke serikali ya mtaa. Asipotii, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na amri ya kumtoa hutoka huko. Njia ni ndefu, ndiyo maana nasisitiza kikao cha sebuleni.

Kwa mpangaji ajaye, usimwachie dalali kazi ya kukuchagulia. Dalali hulipwa mtu anapoingia, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Akishalipwa, anayebaki na mpangaji ni wewe. Kaa na mwombaji mwenyewe. Muulize anafanya kazi gani na fedha zake huingia lini, wataishi wangapi, alikuwa anakaa wapi na kwa nini anahama. Omba namba ya mwenye nyumba wake wa sasa na ya yule wa kabla yake. Wa sasa anaweza kumsifia ili amwondokee. Wa zamani hana sababu hiyo. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, kisha mpeleke serikali ya mtaa aandikishwe kama mkazi. Ila usimkatae mtu kwa kabila lake, dini yake, au kwa kuwa ni mwanamke asiye na mume. Kipimo ni uwezo wa kulipa na mwenendo wake kule alikotoka.

Kisha andikeni mkataba. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu sheria inaukubali hata kwa mdomo, lakini maneno ya mdomo kila mmoja huyakumbuka kwa faida yake. Tena ile sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kiwango cha kodi ni makubaliano yenu wenyewe. Yaandikwe: kiasi, tarehe ya kulipa, amana na masharti ya kuirudisha, muda wa notisi kwa pande zote mbili, umeme, maji, zamu ya kufagia ua na kuosha choo. Kabla ya kukabidhi ufunguo, zungukeni chumba pamoja: kitasa, swichi, nyavu za dirisha, dari. Andika kila kilicho kibovu na upige picha. Kodi ipokee kwa simu ili kumbukumbu ibaki, au utoe stakabadhi yenye nakala.

Ugomvi wa LUKU ni rahisi kuliko unavyodhani. Mwite fundi umeme mwenye leseni afunge mita ndogo kwa kila chumba, ili mwenye friji na mwenye taa moja kila mtu alipie alichotumia. Kama gharama ni kubwa sasa, kaeni wapangaji wote, mgawane kwa vyombo: mwenye friji na pasi achangie zaidi ya mwenye taa na chaja.

Mama, nyumba hiyo ndiyo pensheni yako. Kudai kodi yake hakukuvunjii heshima, na mkewe kukuchotea maji hakufuti deni. Unaweza kumshukuru kwa maji na kumdai kodi siku hiyohiyo. Waite Jumapili hii, kabla mwezi wa tano haujaingia.