Grafini ikipata joto, umeme hupitaje?

SWALI: Mimi ni fundi umeme, Holili. Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani hupanda. Je, grafini nayo?

JIBU: Inategemea wingi wa elektroni zake huru, fundi. Grafini ni tabaka moja tu la atomi za kaboni. Matabaka hayo yakipangana ndiyo kinywe, madini yanayopatikana pamoja na tanzanaiti kule Mirerani. Elektroni zikiwa nyingi, hufuata njia ya shaba: joto hutikisa atomi, elektroni huyumbishwa, ukinzani hupanda. Zikiwa chache, joto huzifungua nyingine na umeme hupita vizuri zaidi. Shaba haina hali hizo mbili: kila nyuzijoto moja huiongezea ukinzani takriban asilimia 0.4. Ukiuziwa waya "wa grafini usiojali joto", upime kwanza ukiwa baridi, kisha ukiwa moto.