SOMO LETU: NEMBO YA KIKUNDI ISIHARIBIKE

Kikundi chetu kinauza asali. Mwaka 2023 tulipeleka nembo yetu ya mzinga na nyuki wawili ikachapwe kwenye bango la siku ya soko. Kwa simu ilikuwa safi kabisa. Bango lilipotoka, nyuki walikuwa kama matofali! Na pesa tulikuwa tumeshalipa.

Kosa lilikuwa letu. Hatukujua kwamba faili za picha ni za aina mbili.

1. Picha ya vitone (rasta)
Fikirieni picha iliyotengenezwa kwa shanga. Ukiikuza, shanga haziongezeki, bali kila moja inakuwa kubwa. Picha zinazopigwa na simu ni za aina hii. Faili zake huishia na JPG, PNG au GIF.

Nembo yetu ilikuwa na vitone 600 kwa upana. Kwa lebo ya inchi 2, hivyo ni vitone 300 kwa kila inchi, na vinatosha. Lakini bango la futi 6 ni inchi 72. Gawanya 600 kwa 72: vinabaki kama 8 tu kwa inchi!

2. Picha ya mistari (vekta)
Hii ni kama maagizo ya fundi: anza hapa, vuta mstari hadi pale, pinda hivi, paka manjano. Kompyuta huchora upya kwa kipimo chochote, iwe lebo au bango. Faili zake huishia na SVG, EPS au AI.

Kila aina ina kazi yake. Picha ya wanakikundi shambani iwe JPG. Nembo iwe vekta.

Tahadhari
- Kubadilisha jina la faili kutoka JPG kuwa SVG hakusaidii. Lazima nembo ichorwe upya.
- PDF yaweza kubeba aina zote mbili. Ulizeni ndani mna nini.
- JPG ikirekebishwa na kuhifadhiwa tena na tena, hupoteza ubora.
- Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa maana hupunguzwa.

Basi mkimlipa mchoraji, mwekahazina asimalize malipo kabla katibu hajapokea faili ya SVG. Wekeni nakala kwa barua pepe na kwa flashi.

Maswali ya kujadiliana
1. Nembo yetu iko katika faili ya aina gani?
2. Ni nani anayeitunza? Simu yake ikipotea, je?