Kifaransa Kiachwe Kidato cha Tatu?

Binti wa Pasiansi, Mwanza, anayemaliza kidato cha pili, ameandika kuomba shauri juu ya mambo mawili yaliyofungamana: baba yake, ambaye hununua dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na kuwauzia wafanyabiashara wa Kongo, anamtaka aache Kifaransa atakapochagua masomo ya kidato cha tatu, akihofu kwamba kitamshushia daraja, naye mwenyewe, ingawa analipenda somo hilo, huona haya kusoma kwa sauti darasani kwa kuwa wenzake humcheka.

Hofu ya mzazi ni ya kuheshimiwa, lakini hesabu haiiungi mkono. Daraja, yaani kiwango cha jumla cha ufaulu, hupangwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na daraja la kwanza likikomea pointi 17. Mwanafunzi mwenye masomo tisa akianguka katika Kifaransa pekee, alama hiyo haiingii katika hesabu hata kidogo. Akifaulu vizuri, inaweza kuchukua nafasi ya somo lililomshinda, na pia humfungulia tahasusi ya KLF, yaani mchepuo wa kidato cha tano unaounganisha Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kinachoweza kupotea ni muda wa kujisomea, na juu ya hilo baba ana haki ya kuuliza.

Baba pia anasema kwamba Wakongo anaowauzia dagaa wanajua Kiswahili. Ni kweli, kwani Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Hata hivyo lugha rasmi ya nchi hiyo, yaani lugha ya sheria na nyaraka za serikali, ni Kifaransa, kwa hiyo bei hupatanwa kwa Kiswahili lakini hati za upande wa pili wa mpaka huhitaji msomaji mwingine; na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, msomaji huyo anafaa kutoka katika nyumba ya mfanyabiashara mwenyewe.

Kuhusu haya ya kusoma kwa sauti, chanzo chake kieleweke. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, ilhali Kifaransa kina herufi nyingi za mwisho zisizotamkwa, pamoja na irabu za puani, yaani zinazotolewa kwa pumzi kupita puani na mdomoni kwa pamoja. Kwa hiyo anayekosea anafuata kanuni njema ya lugha yake mahali isipofanya kazi, wala hilo si dalili ya ujinga. Dawa yake ni masikio kutangulia macho: Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, RFI, hutoa habari kwa Kifaransa chepesi katika kipindi cha Journal en français facile, ambacho binti anaweza kukisikiliza na kukariri sentensi chache akiwa na rafiki mmoja asiyecheka, kabla ya kusimama darasani.

Zaidi ya yote, ajifunze Kifaransa kwa kupitia Kiswahili. Wanafunzi wengi hukipitia kwa Kiingereza, nao hutaabika wakitafuta sababu ya meza kuwa nomino ya kike, sababu ambayo haipo. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea ngeli, yaani makundi ya nomino, na upatanisho wa kisarufi, ambapo kivumishi hufuata nomino yake kama katika “kiti kizuri” na “viti vizuri”. Kwake Kifaransa ni lugha yenye ngeli mbili tu, na kila nomino ikaririwe pamoja na kibainishi chake tangu siku ya kwanza. Urithi huu mkubwa haupaswi kuachwa nje ya mlango wa darasa.

Kabla fomu ya masomo haijarudishwa, binti amwombe baba waende pamoja kwa mwalimu wa Kifaransa wakiwa na matokeo yake ya masomo yote, na swali la muda lizungumzwe hapo na watu watatu.