Haki katika Utatuzi wa Migogoro ya Majina ya Vikoa Nje ya Mahakama

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza iwapo haki hutendeka pale mgogoro wa jina la kikoa, yaani anwani ya intaneti, unapoamuliwa nje ya mahakama. Msingi wake ni sera iliyopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linaloratibu majina hayo duniani. Kila asajiliye jina lenye tamati ya .com hufungwa na sera hiyo.

2.0 Utaratibu
Mlalamikaji sharti athibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kutatanisha, kwamba mlalamikiwa hana haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya. Mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Jopo haliamuru fidia. Huweza tu kuamuru jina lihamishwe au lifutwe. Wepesi huu una manufaa. Hata hivyo, mlalamikaji ndiye achaguaye chombo kitakachosimamia shauri, na hapo shaka ya upendeleo huzuka.

3.0 Mfano wa Neno "Barcelona"
Udhaifu mkubwa zaidi ni wa kisemantiki. Mwaka 2000, jopo lililoteuliwa chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani liliamuru barcelona.com ikabidhiwe halmashauri ya jiji la Barcelona, iliyokuwa na alama za biashara zenye neno hilo. Mwenye anwani alikwenda mahakamani Marekani. Mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ya huko ilimpa ushindi, ikieleza kwamba, kwa sheria ya Marekani, jina la mahali likitajwa kwa maana yake ya kawaida halihodhiwi na mtu mmoja. Neno lilelile, basi, lilisomwa na jopo kama alama, na mahakama ikalisoma kama jina la mahali.

4.0 Hitimisho
Sera yenyewe haifungi mlango wa mahakama: uamuzi wa kuhamisha jina husubiri siku 10 za kazi ili aliyeshindwa afungue kesi. Lakini mlango huo ni wa mwenye uwezo wa kulipa wakili. Kwa hiyo, utaratibu huu unafaa pale ulaghai ulipo dhahiri. Pale ambapo kinachogombaniwa ni maana ya neno la watu wote, kasi yake huweza kuwa dhuluma.